Bwana Wima, Aliyesindikiza Treni kwa Macho

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kama Bwana Wima, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli ya zamani, akaanza shule ng'ambo ya reli mwaka 1968, akichelewa kila siku kwa kushangaa mabehewa, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa stesheni, akawa anapunga bendera ya kijani huku ameegemea nguzo, kama ilivyokuwa kawaida ya shirika letu, lililokuwa na usingizi mtamu.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1987 na muuguzi wa zahanati ya reli, wakajaliwa mabinti wawili.

Reli mpya ilipojengwa kwa mkopo wa nje, wageni walileta chuma na namna yao ya kazi pia, chuo cha reli kikabadilishiwa masomo, vyeo vikapewa majina mapya, chumba cha kuongozea treni wakakikalia wao, na kila mtu wa stesheni akaamriwa asimame wima, mikono ubavuni, akiitazama treni mpaka ipotee. Mdogo wake, huyu anayewasomea, aliyezunguka nchi nyingi akarudi na mabegi tu, alimcheka kwamba amekuwa sanamu ya dukani, naye akajibu kwamba sanamu hii inalipwa mshahara, je, wewe mwenzangu?

Lakini ule wima ulimwingia, akawa anawasindikiza hivyo hivyo mkewe na wanawe, amesimama mlangoni kama aotaye, mpaka kona iwameze.

Alitaka jambo moja tu, kabla hajastaafu aone mwenzetu amekaa katika kiti cha chumba kile, akawa anawaambia wanagenzi wake kwamba mikataba huisha, mazoea hubaki, basi chagueni yapi yabaki.

Mei 2020 figo zilianza kumsumbua, makabidhiano ya chumba kile kutoka kwa wageni yakaahirishwa mara mbili, na yalipofanyika tarehe 12 Oktoba, kiti kile kilikaliwa na binti yake mdogo, na wenye maneno waseme, alifaulu mitihani ya wageni wenyewe. Treni yake ya kwanza ilipopita nyuma ya hospitali alikolazwa, baba aliomba ainuliwe, akasimama dirishani, mikono ubavuni, mkewe akimshika kiunoni, mpaka sauti nayo ikaisha. Alifariki tarehe 21 Oktoba, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wenzake wa reli zote mbili, na tunawaomba, gari litakapoondoka naye, tusimame wima mpaka lipotee, hata mdogo wake ameahidi kutoegemea kitu.

Pumzika, kaka, njia ni nyeupe.