Fundi Swaib Rwabutara na Amplifaya ya Pili

Kulisha spika kwa amplifaya mbili maana yake ni hii: besi hupewa amplifaya yake na sauti nyembamba hupewa yake, baada ya kuvua vibati vya shaba vinavyoziunganisha nyuma ya kasha. Anayesahau vibati hivyo huenda akaunguza amplifaya zote mbili. Fundi Swaib Rwabutara, anayestaafu tarehe 31 Desemba 1988 baada ya miaka ishirini na minne katika karakana yetu ya sinema na sauti hapa Mbarara, hakuwahi kuvisahau. Alivitia mfukoni mwa shati, na mara nyingine vilifuliwa pamoja nalo.

Alianza na redio, akahamia gari la sinema, kisha ukumbi wa video tulioufungua mwaka jana. Humo ndimo ulimozuka ubishi. Mkurugenzi wetu, Bi Yudaya, alitaka amplifaya ya pili ibaki ukumbini. Swaib alitaka iende kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa wale wa mtaa wa Rubondo, ambao walikuwa wakitazama filamu za afya bila kusikia neno, kwa kuwa amplifaya ya gari la sinema ilikuwa imekufa.

Swaib akaitisha jaribio ukumbini: wimbo uleule upigwe kwa amplifaya moja, kisha kwa mbili. Wateja walizishangilia amplifaya mbili, na sajini mmoja wa kambi ya jeshi akapaza sauti: "Hiyo ya mbili ndiyo mwanaume!"

"Afande, umesikia nguvu tu. Ngoja nisawazishe ukubwa wa sauti." Swaib akapima kwa mita, akarudia.

Sajini akakuna kichwa. "Sasa zote sawa! Umefanya nini, mzee?"

Bi Yudaya peke yake, akiwa ameipa mitambo mgongo, alizitambua amplifaya mbili kila mara. "Hapa matari yamejitenga na ngoma," alisema. Swaib alikiri mbele ya wote kwamba tofauti ipo, kisha akaibeba amplifaya hadi garini. "Mama, wewe utakosa matari. Wale wanakosa maneno."

Bi Yudaya akacheka, akamfungulia mlango kwa sharti kwamba irudi Jumatatu. Mpaka leo iko Rubondo, na sasa anaidai kwa dhati.

Tunakushukuru, Fundi, na tunakuombea afya na utulivu mwingi nyumbani. Unatuachia swali: je, sisi wengine hatukuisikia tofauti ile kwa kuwa ni ndogo mno, au kwa kuwa hatujajifunza kusikiliza? Na kabla ya kulijua hilo, nani ataiendea amplifaya Rubondo?