Daktari Anneke na Kigari Chake cha Kijani

Mheshimiwa Meya, Mchungaji Lindahl, viongozi wa Chama cha Wafugaji, wageni wetu kutoka kaunti za jirani, na wewe uliyetukusanya hapa, Daktari Anneke Wiersma: nawasalimu nyote.

Mimi Verna Kucera nimeombwa niseme machache kuhusu daktari wetu wa mifugo, anayestaafu leo. Ng'ombe ndio wangefaa zaidi kumsemea, lakini Meya amekataa kuwaingiza ukumbini.

Vijana, nyinyi mlikuwa hamjazaliwa Anneke alipokuja kutoka Uholanzi na kujinunulia kigari cha kijani. Hapa Nebraska, ambapo jirani yako hakusikii hata ukipiga mayowe, nani alikuwa amewahi kuona daktari wa ng'ombe akishuka kwenye kitu kidogo kuliko ng'ombe mwenyewe? Marehemu mume wangu, Merle, alimkuta kwenye kituo cha mafuta.

"Daktari, hicho unakipanda au unakivaa?"

Anneke akalitazama pikapu la Merle, ambalo lilikuwa linanguruma tu pale, halina hata mtu ndani. "Na wewe bwana, hilo unaliendesha au unalifuga? Maana naona linakula kuliko mifugo yako."

Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Siku moja, akiwa mezani kwangu, nikamuuliza kama kwao watu wote ni wabahili hivyo.

"Si ubahili, Verna," akasema. "Kwetu mafuta yana kodi kila tone, na barabara nyingine zilijengwa kwa ajili ya farasi. Ningezaliwa hapa, ningeendesha kama Merle."

Hakutuhubiria. Ndiyo maana tulimpenda kabla hatujamhitaji.

Kisha ikaja ile masika ambayo mafuta yaliadimika, wakati ng'ombe wote wanazaa. Vituo vikafungwa. Mtamba wetu akashikwa na uchungu, ndama ametanguliza miguu ya nyuma. Daktari wa mjini akasema kwenye simu, "Mama, tangi langu limekauka. Pole sana." Mwaka uliotangulia ukame ulikuwa umetumaliza; tungempoteza na ndama huyo, shamba lingetutoka. Nikampigia Anneke. Akaja. Akavua koti, akaingiza mkono mpaka begani, na ndama akatoka hai.

Alipotaka kuondoka, kigari kikazama kwenye tope langoni kwetu. Merle akakivuta kwa pikapu, kisha akasimama akiiangalia mishale miwili ya geji za mafuta, wa pikapu lake na wa kigari cha Anneke.

"Haya niliyobakiwa nayo," akasema, "mimi yananifikisha mjini tu. Yeye anazunguka nayo mashamba yote."

Akachukua mpira, akanyonya mafuta kutoka kwenye pikapu lake, akatema, akatukana, naomba radhi Mchungaji, na kuyamimina kwenye kile kigari. "Kunywa, mdogo wangu," akakiambia.

Kesho yake wanaume wakapanga mapikapu yao kando ya kanisa, kila mmoja na mpira wake, wanakohoa na kutema. Wao walitembea kwa miguu mpaka uzazi ukaisha. Ni nani hapa ambaye kundi lake la leo halikutokana na ndama wa masika ile?

Nisiwadanganye: mafuta yaliporudi, Merle alinunua pikapu kubwa zaidi. Anneke alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tangu hapo, kila alipoingia posta, Merle alizima injini. Sikumuuliza kwa nini.

Anneke, unarudi kwa dada yako. Huko watakuuliza kama ni kweli Wamarekani hatujui thamani ya mafuta. Waambie ni kweli. Halafu waambie yale tuliyokuwa nayo tulikupa wewe, na hakuna aliyedai arudishiwe hata tone.

Nakushukuru kwa niaba ya kaunti nzima. Na nyinyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.