Jicho Lililomnyamazisha Serunai

Naomba radhi mapema, kabla hamjaanza kupiga miayo. Kisa hiki kilistahili mtu mwenye ulimi, na hapa mmepata mtu mwenye mdomo tu. Nitacheka kabla yenu, na palipo na methali nitaitoa kama ilivyotolewa siku ile, yaani vibaya. Basi. Katika kijiji cha Senduduk, upande wa Tumpat, kuna kibanda cha wakfu kando ya njia: paa la vigae, benchi tatu, na ubavuni meko ya Mek Nab, mama anayechemsha kahawa nzito hata kijiko husimama wima kwa heshima. Kwa kawaida hapo hupati nafasi ya kupiga chafya kwa maneno yalivyojaa. Lakini Alhamisi hiyo, baada ya adhuhuri, wote walikuwa wamenyamaza. Juu ya ndoano lilining'inia tundu la Serunai, tetere wa Deraman, na Serunai alikuwa hajalia siku ya tatu.

Deraman watu walimwita Spika, kwa sababu akikuamkia kutoka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kuku wako walikuwa wa kwanza kuitikia. Serunai alikuwa amewafunga midomo tetere wote wa wilaya. Kesho yake, Ijumaa asubuhi, ilikuwa fainali ya mashindano ya sauti: matundu juu ya nguzo ndefu, waamuzi chini na karatasi zao, na ndege wa Siam waliovushwa mto Golok kuja kuchukua kombe. Kamati ingepiga simu kabla ya alasiri kuuliza neno moja tu: anakuja au haji?

— Amekula? — Mek Nab aliuliza.

— Anakula kama bwana harusi, — Deraman alijibu. — Anakunywa. Anajinyoosha. Sauti ndiyo hakuna.

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe ulikuwa na mafua. Tangu mkewe, Mek Yah, alipofariki miaka miwili iliyopita, nyumba yake ilikuwa na sauti mbili, ya ndege na ya kwake, na ya kwake alikwisha kuichoka.

— Hilo ni jicho, — alisema mzee Nik Soh.

Huyu ndiye Fatwa; wanaomheshimu humwita Pok, yaani mzee. Alisoma chuoni miezi minne, miaka hamsini iliyopita, na tangu hapo hutoa hukumu hata ya gurudumu lililopasuka.

— Jicho ni haki, alisema Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Wazee wakasema linamtia mtu kaburini na ngamia chunguni.

— Huku hatuna ngamia, Pok Soh.

— Ndiyo maana likamshukia tetere! Limemtafuta ngamia limemkosa.

Vichwa vikageuka polepole kumwelekea Yasok. Tetere wa Yasok alikuwa wa pili nyuma ya Serunai miaka mitatu mfululizo, hata watu wakasahau jina la ndege, na mwenyewe wakamwita Nambari Mbili.

— Mbona mnanitazama mimi?

— Mwenye macho haambiwi tazama, — Fatwa alisema.

— Methali hiyo haihusiki hapa!

— Inahusu macho. Unataka ihusike vipi tena?

— Wallahi mimi nikimwona Serunai namtakia heri!

— Heri gani? — Deraman aliuliza.

— Heri tu. Namtakia astaafu salama.

Mek Nab aliweka sahani ya vitumbua vya mayai katikati, akajifuta mikono.

— Mnamwonea Yasok bure. Spika, si wewe uliyempiga picha ndege, akilia, ukaituma kwenye simu? Mimi niliitazama. Waliotazama walifika mia sita, mpaka Hat Yai huko Siam. Watu mia sita, macho mawili mawili, hesabu mwenyewe.

— Jicho linapita kwenye simu? — Deraman aliuliza.

— Sauti inapita, sura inapita, — Fatwa aliamua. — Jicho litakosaje nauli?

— Kwa mtandao wa hapa? — Yasok alidakia. — Salamu za Idi zenyewe hunifikia Maulidi! Hapana, jamani. Mnadhani husuda ni ya binadamu peke yao? Tetere wangu amekaa nguzo ya pembeni miaka mitatu akimsikiliza Serunai akimwagiwa sifa. Ana kinyongo yule. Na ndege, hata awe mwema vipi, hajui kusema mashallah.

— Basi mwoshe ndege wako tumletee Serunai maji yake, — Mek Nab alisema.

— Nimwoshe leo? Kesho si ataingia uwanjani na mafua!

Hapo Fatwa aligonga kikombe kwenye benchi, kwa kuwa dawa yenyewe ilikuwa imetajwa na mtu mwingine kabla yake.

— Tulieni. Dawa ya jicho inajulikana. Mwenye jicho anatawadha, maji yake yanakingwa, anamwagiwa aliyedhurika. Na ukiombwa ufanye, huruhusiwi kukataa. Asipojulikana mwenye jicho, tunakinga ya wote. Senduduk nzima. Na wale mia sita wa simu.

— Na Hat Yai?

— Hat Yai waje na lori la maji.

— Mtamzamisha! — alipiga kelele Deraman. — Ndege wangu mzito kama kiazi kidogo, nyinyi mnamletea mafuriko!

Akasimama. Deraman akisimama, benchi hupumua. Akakaza saruni yake kiunoni, akanyoosha kidole kwenye tundu.

— Nisikilizeni. Mimi simlaumu mtu, kwa sababu najua nilichonacho. Kunguru hapatwi na jicho. Bata hapatwi na jicho. Hivi mnajua jicho la kumnyamazisha Serunai ni jicho la namna gani? Si hivi vijicho vya kukausha mche wa pilipili. Huyu alitunguliwa na jicho kubwa, jicho lenye daraja, ambalo hata mtu ukilaumiwa nalo unatembea kifua mbele!

Akaketi. Hapo hapo kitu fulani kikageuka, kama maji ya mfereji yanapobadili njia.

— Ehee, — alisema Fatwa polepole, akijishika kope. — Sasa umesema. Maana mimi, bila kujisifu, macho yangu haya yana historia. Mwaka ule wa mafuriko niliutazama mgomba wa jirani, ukalala chini.

— Uliangushwa na mafuriko!

— Mafuriko yalikuja baada ya kuutazama.

— Mgomba ni nini? — Mek Nab alibetua midomo. — Dada yangu alinunua pikipiki, nyekundu, inang'aa. Nikaitazama mara moja tu, nikiwa nachambua dagaa, wala sikuwa nimekusudia. Mpaka leo hii haiwaki.

— Hamna aibu nyinyi? — Yasok alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. — Mnataka kuniibia hata hili? Miaka mitatu nimesimama chini ya nguzo yake, mvua na jua, nikimtazama kwa roho mbaya kila Ijumaa, na kombe wamepewa wengine. Leo linapatikana jambo ambalo naweza kuwa wa kwanza, mnanitangulia? Lete beseni!

— Si umeapa wallahi unamtakia heri?

— Niliteleza!

— Funga siku tatu, kafara ya kiapo, — alihukumu Fatwa. — Lakini nyuma yangu. Wa kwanza kutawadha ni mimi, kwa umri.

Basi wakatawadha. Fatwa alijiosha mikono mpaka mabegani ili maji yake yazidi ya wengine. Mek Nab alijifunga kanga upya, akaenda kutawadhia pembeni, akarudi na kibakuli chake ameking'ang'ania kama sahani ya harusi. Yasok alijipangusa jicho la kushoto mara saba, akidai ndilo alilokuwa akilitumia. Maji yote yakachanganywa. Deraman akachovya vidole, akamnyunyizia Serunai.

Serunai alijikung'uta. Akawatazama mmoja mmoja, kama mkwe aliyekuta nyumba haijafagiwa. Akafumba macho.

Kimya.

— Ni jicho lako, Mek, — alinong'ona Yasok. — Ni la pikipiki. Limelipunguza langu makali.

— Thubutu! Wewe hata macho yako yametoka nambari mbili!

Ndipo alipofika mgeni. Alikuwa mtu wa makamo, ana masharubu, ametoka Terengganu, na hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kusambaza mitungi ya gesi upande huu. Jina lake Sabri. Aliutua mtungi, akamiminiwa kahawa, na kwa kuwa kila mtu alimweleza habari yote kwa wakati mmoja, akaielewa nusu.

— Samahani, wazee wangu, — alisema, akipuliza kahawa. — Mimi ndege sijui. Kwani hapa nani humtazama zaidi huyu tetere?

Fatwa alichungulia ndani ya kikombe chake. Mek Nab alianza kufuta meza iliyokuwa safi. Yasok, ambaye dakika moja kabla alikuwa tayari kupigania cheo hicho kwa ngumi, akajikuta anatazama vidole vyake vya miguu.

Deraman naye alitaka kujibu, maana hakuna swali lililowahi kumpita. Akakumbuka alfajiri: kabla hajanawa uso, ameshalifunua tundu. Adhuhuri: sahani ya wali iko mbele ya tundu, ndege hapo, yeye hapa, wanatazamana kama wachumba. Jioni tena. "Hakuna kama wewe! Huko Siam hakuna, duniani hakuna!" Miaka miwili. Akatafuta katika miaka hiyo miwili ni wapi alipotia mashallah. Akapekua kama mtu anayepekua mifuko ya koti. Hakuipata hata moja.

— Mtu hawezi kukipiga jicho kitu chake mwenyewe, — alisema, na kwa mara ya kwanza ilibidi watu waegemee mbele ili wamsikie. — Eti, Pok Soh?

Fatwa hakutoa methali.

— Anaweza, — alisema. — Hilo nililisoma kweli. Akikipenda mno, akamsahau Aliyempa.

Deraman alichukua beseni tupu, akazunguka nyuma ya ukuta wa meko. Wakasikia birika likimimina, taratibu, kiungo baada ya kiungo. Kisha mkono wake ukatokeza kwenye pembe ya ukuta, ukampa Mek Nab maji. Mek Nab akasema bismillah, akamnyunyizia ndege.

Serunai alijikung'uta. Akapanda kijiti cha juu. Koo likamvimba kama shavu la mpiga zumari, na sauti ikatoka: ndefu mwanzoni, nyembamba kama uzi wa hariri, kisha katikati ikakunjika mara tatu, kisha mwisho ikadondoka *kuuung*, kama kijiwe kilichotupwa ndani ya mtungi.

— Amelia! — Deraman alichomoka nyuma ya ukuta, viwiko vinachuruzika, saruni mkononi, macho yamemtoka kama mataa ya basi.

Serunai akafunga domo.

— Rudi! — walipiga kelele wote.

Akarudi. Ndege akalia. Akachungulia. Ndege akanyamaza. Akaficha kichwa. Ndege akalia mara mbili, ya pili nzuri kuliko ya kwanza.

— Ni maji hayo, — alisema Fatwa.

— Mimi naona ni kule kutotazamwa, — alisema Sabri wa gesi.

— Ni yote mawili. Kunywa kahawa yako.

Nyuma ya ukuta, Deraman alikuwa ameegemeza kipaji chake kwenye mbao zenye masizi. Uso ulikuwa umelowa, na kwa kuwa alikuwa ametoka kutawadha, hakuna aliyeweza kuyatenganisha maji na maji. Sauti aliijua kila mkunjo, lakini hakuwahi kuisikiliza bila kuitazama, bila kuikatiza kwa sifa. Akasema chini chini, kwa sauti ambayo kijiji hakikujua kuwa anayo:

— Mashallah. Tabarakallah.

Ndege akaendelea. Hakushtuka.

— Yasok! — aliita kutoka huko huko.

— Naam.

— Kesho utampandisha wewe.

Yasok alitazama huku na huku, kana kwamba kijijini kulikuwa na Yasok mwingine.

— Mimi? Na ndege wangu?

— Una mikono mingapi? Mpandishe huyu, mpandishe yule.

— Na Serunai akimshinda wangu tena?

— Atamshinda. Utapanda jukwaani, utapokea kombe kwa niaba yangu. Ulishike kwa masikio mawili, kifua mbele. Nakuelekeza kwa sababu hujawahi.

— Spika, we mtu una maudhi hata ukiwa umejificha, — alisema Yasok. Lakini alikuwa amekwisha kuliteremsha tundu, kwa mikono miwili, akilifunika kitambaa vizuri kuliko alivyowahi kulifunika la kwake; na midomo yake, mtu angekuwa karibu angesikia, ilikuwa ikisema mashallah, mashallah, bila kuambiwa na mtu.

Simu ikaita. Mek Nab akaipitisha nyuma ya ukuta.

— Bwana Deraman, hapa kamati. Tumesikia ndege wako amepatwa na jicho. Anakuja au haji?

— Anakuja, — alisema Deraman, na sauti yake ya zamani ikaanza kurudi, kuku mmoja akaitikia. — Ila jicho lenyewe kesho halitoki nyumbani. Nimelifungia.

— Alhamdulillahi! Mmelijua? Maana hapa tumeshangaa wote, jicho gani hilo la kumnyamazisha Serunai? Ni la nani?

Deraman alijifunga saruni, akaiweka kofia yake sawa.

— Langu, bwana. Mlidhani la nani lingemweza?