Medali ya Nkambo na Sufuria ya Arusi

Katika taksi ya kwenda Panda nilikaa katikati ya mama mmoja na mzee mmoja wasiojuana, nimepakata sufuria kubwa ya mama huyo, iliyojaa chakula cha arusi, maana vijana inaonekana tuliumbwa kwa kazi hiyo.

Mama akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na medali ambayo Waingereza walimpa nkambo wake, yaani babu yake, askari wa Kongo aliyepigana Ethiopia zamani za Wabelgiji. "Leo mutoto wangu Princesse ataivaa ku arusi yake," akasema.

Mzee, ajida mstaafu wa jeshi mwenye kofia iliyonyooka kuliko mgongo, akakohoa. "Mama, medali ya vita bibi-arusi haivae. Patia kaka yake."

"Papa, nkambo mwanamuke alifuata bwana yake kwa miguu mpaka kule, sufuria ku kichwa. Basoda balipigana na tumbo mutupu?"

"Kupika haiko vita. Miye nilifanya miaka makumi mbili ku jeshi, ninajua."

"Na bazungu balikupatia medali ngapi?"

Taksi nzima ilicheka. "Bazungu habayaniona bado," mzee akajibu, akacheka kuliko sisi.

Tukafika Panda. Mama akashuka, akanyoosha kidole kwenye sufuria mapajani mwangu. "Kama haiko vita, papa, beba."

Mzee alikuwa amelipa safari ya mbele zaidi. Akashuka, akavua kofia, akajitwika sufuria, akamfuata.

"Lakini kaka yake njo ataivaa," nilimsikia chini ya sufuria.

"Tembea, papa. Batu banangojea kula."