Kilele cha Mti wa Mzee Mansuetus Kinunda

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu waombolezaji, sisi wadogo zake marehemu tumepewa kazi ya kusoma habari za maisha yake, na mjane, Mama Notburga, ametuomba tusifiche kitu, maana maneno yanayozunguka huko nje kuhusu kifo hiki yamemnyima usingizi siku tatu hizi.

Mzee Mansuetus Kinunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa Maguu, mtoto wa nne wa Mzee Ignatio, akasoma shule ya msingi hapahapa na kumaliza darasa la saba mwaka 1970. Mwaka 1974 aliajiriwa misheni ya Kigonsera kutunza bustani, akakaa huko miaka arobaini kasoro mmoja, na jamani, ukichuma ua lake bila ruhusa, siku hiyo ungemtambua. Tarehe 9 Novemba 1985 alifunga ndoa na Notburga, wakajaliwa watoto wawili, Aurelia na Hamphrey.

Alipostaafu Desemba 2013 alirudi na mche kwenye kopo la maziwa, ule mti wa mapambo wenye matawi yaliyopangana ghorofa kwa ghorofa, usiopukutisha majani masika wala kiangazi, ambao sisi tunauita mti wa Krismasi, na Januari 2014 ukapandwa mbele ya nyumba. Aliutandazia maganda ya kahawa, akaumwagilia kila asubuhi ya kiangazi, akauzungushia mabua mbuzi wasiuguse. Watu wakanong'ona kwamba mti huo ni wa makaburini, na aliyeupanda nyumbani huzikwa mwaka ambao kilele kinapita paa. Mzee alicheka tu, lakini kila Jumatatu ya Pasaka alipanda ngazi kuupima, na Mama Notburga, akimchungulia kutoka jikoni, alikuwa akihesabu shubiri zilizobaki kufika paa.

Februari mwaka huu wa 2025 miguu yake ilianza kuvimba, ikagundulika kuwa figo zimechoka, na tarehe 3 Juni akalazwa Songea. Wiki hiyohiyo Mama aliona kilele kimepita bati kwa shubiri moja. Hofu ikamshika, na tarehe 11 Juni alichukua msumeno wa kupogolea kahawa, akapanda ngazi mwenyewe, na umri ule, akakikata. Alifanya kama tunavyofanya sote shambani, maana mkahawa ukiukata kichwa unachipua vizuri tu, kumbe mti ule ukikatwa kilele umbo lake halirudi tena, na hilo mumewe alishalisema mara ngapi! Tarehe 20 Juni Mzee aliruhusiwa, akashuka garini, akautazama mti, akaingia ndani akajilaza. Kuanzia hapo Mama aliishi na woga mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza, kwamba mkono wake ndio utakaommaliza mumewe.

Asubuhi ya tarehe 1 Julai Mzee alimwita kitandani, akamwambia kwamba siku ya kupanda yeye alichimba shimo tu, aliyeuweka mche na kushindilia udongo ni Notburga, kisha akarudi kwenye maharage yake na kusahau kabisa. Miaka yote kumi na moja aliyekuwa akihofia atazikwa ni mkewe, si yeye mwenyewe, na kila Pasaka alipanda ngazi akiwa amefutika msumeno ndani ya koti, mkono wa mtunza bustani ukakataa, akashuka. Akamshukuru kwa kukikata kilele kile, akalia, wakalia wote wawili. Kesho yake, tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi, alifariki dunia, na daktari ametuthibitishia kuwa ni figo.

Mama anasema bado anaogopa, maana kilele kilishapita paa, aliyeupanda mti ni yeye na mwaka haujaisha, na haoni haya kulisema mbele yenu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi kwenye baridi hii ya Julai, na watunza bustani wenzake waliotoka Kigonsera. Aurelia ameshahamishia godoro lake chumbani kwa mama yake. Kapumzike kwa amani, Kaka Mansuetus, mkeo hatalala peke yake.