Mpole, Daktari wa Mioyo ya Paka

Ndugu waombolezaji, kabla hatujaanza tunawaomba wenye ukumbi mtuzimie hizo feni, joto tutalivumilia, maana marehemu hakuwahi kusikiliza jambo la maana huku kitu kinanguruma, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1979 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa karani wa posta na mkewe fundi cherehani, na kwa kuwa hakuwa mtoto wa kulia, akinyonya kidogo anapumzika, akinyonya kidogo anasinzia, mama alimwita Mpole, jina likamganda kuliko lile la kwenye cheti.

Mwaka 1986 alianza shule ya msingi iliyo juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu, na ripoti zake zote saba, ambazo tunazo hapa, zinasema ni mtoto mpole, msikivu, hapendi michezo, naye kaka yake anayewasomea karatasi hii ndiye aliyekuwa akimwita mvivu kila alipoketi katikati ya kilima kutafuta pumzi, akamwacha pale pale na kwenda zake.

Alihitimu udaktari wa mifugo tarehe 26 Novemba 2005, na tarehe 9 Januari 2006 akaajiriwa katika kliniki ya wanyama nyuma ya soko, chumba kimoja chenye meza ya bati, mizani ya kupimia watoto wachanga na sinki, na wakati wenzake walipokimbilia ng'ombe wa maziwa, yeye alichagua moyo wa paka, tukamcheka mpaka mbavu zikauma. Paka akishikwa vizuri hunguruma kwa raha, na ule mngurumo hufunika sauti ya moyo, kwa hiyo marehemu alikuwa akifungua bomba la sinki, paka anashtuka, ananyamaza, naye anawahi kusikiliza kifua pande zote mbili, akitafuta mvumo wa damu inayopita penye tundu ambalo mnyama amezaliwa nalo. Wenye paka walimwambia huyu mdogo haruki, analala tu, ni mpole, na hapo ndipo dada yetu alipopandwa na hasira, akiwaambia kwamba paka mtoto hawi mpole, paka mtoto asiyecheza anaumwa, maneno aliyoyasema kwa miaka kumi na mitatu, huku yeye mwenyewe akiitwa Mpole na kuitika.

Alifunga ndoa tarehe 15 Agosti 2009 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja tarehe 3 Machi 2012, na baada ya kujifungua alilazwa wiki mbili akiwa amevimba miguu, akaambiwa ni uchovu wa uzazi.

Tarehe 14 Mei 2019, baada ya kupanda ngazi za kliniki na kuishiwa pumzi, alijifungia chumbani, akaweka kipimo cha kusikilizia moyo kwenye kifua chake mwenyewe, kisha akachukua kadi ya wagonjwa wake na kuandika: paka jike, miaka arobaini, ana mvumo, huenda wa kuzaliwa. Alikwenda hospitali tarehe 16 Mei, 2 Julai na 20 Septemba, ambako daktari alimpima feni ikizunguka na redio ikitangaza mpira, na alipomwomba avizime, alijibiwa kwamba hapa si kwa paka, mama, akaandikiwa wasiwasi, mara zote tatu. Alimwomba kaka yake amsindikize hospitali ya rufaa, kaka akamwambia subiri nimalize kazi zangu, na kwamba siku hizi Mpole amekuwa mlalamishi.

Tarehe 11 Novemba alianguka kwenye ngazi zile zile, akakimbizwa rufaa, picha ya moyo ikaonyesha tundu la kuzaliwa ambalo, tuliambiwa, lingezibwa mapema angeishi, na akafariki tarehe 13 Novemba 2019, saa tisa alasiri.

Tunamshukuru daktari wa moyo aliyetueleza ukweli bila kutuzungusha, majirani waliopika na kufagia, wafanyakazi wenzake, na ninyi wenye paka mliokuja na vikapu vyenu, na hata yule daktari wa wasiwasi tunamshukuru kwa mwandiko wake, unasomeka vizuri sana. Sisi familia hatuna wa kutushukuru.

Juma lililopita ripoti ya binti wa marehemu ililetwa kutoka shule, na mwalimu wake ameandika kwamba ni mtoto mpole, hapendi michezo. Jumatatu saa mbili asubuhi mtoto huyu atakuwa hospitali ya rufaa, na kaka anayesoma karatasi hii atamsindikiza, atazima feni kwa mkono wake mwenyewe, na hatatoka mle chumbani mpaka mtoto asikilizwe.

Dada, leo kumenyamaza, tumekusikia tumechelewa. Utusamehe, ulale kwa amani.