Sijambo ya Adabu

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe kifungua mimba kaa hapo miguuni, acha kutazama simu, na wewe kitinda mimba wangu niinulie mto kidogo, maana nikilala chali pumzi inakata, na haya maneno niliyo nayo sitaki yakatike. Mama yenu nimemtuma dukani makusudi.

Nyumba hii ni yake mpaka mwisho wa uhai wake, asije mtu akamhamisha chumba kwa kisingizio cha ukarabati. Sanduku la spana ni la kaka mtu. Cherehani ni ya dada mtu, na ilishakuwa yake tangu alipoanza kunichukulia suruali na kuzipunguza bila kuniuliza. Lakini urithi mzito ni kesi yangu na kampuni ya meli, na huo nawaachia wote wawili.

Mnajua nilivyoanguka. Nilikuwa chini kule kwenye injini natia mafuta mitambo, mara kifua kikakaza, mkono wa kushoto ukafa ganzi, na nilipofumbua macho nilikuwa mgongoni mwa mpishi wa meli, yule mnayemwita Mzee Sufuria, ananipandisha ngazi za chuma huku ananitukana nisife. Nikarudishwa nyumbani, nikapelekwa kwa daktari wa kampuni, kijana mpole, shavu moja limevimba kwa jino. Akaniuliza, "Hujambo, mzee?" Nami nimelelewa, nikamjibu, "Sijambo, daktari, na wewe je?" Akashika lile shavu akasema, "Sijambo." Tukacheka. Kisha akaandika kwamba mgonjwa mwenyewe amesema hajambo, na tangu siku hiyo wakili wa kampuni hana wimbo mwingine: hajambo, yaani amepona, yaani fidia ya ulemavu hastahili, yaani moyo huu umeharibikia kitandani kwangu, si melini kwao.

Sasa wameleta kifuta jasho, ilimradi tutie sahihi kwamba nilishuka melini mzima. Kifungua mimba, najua unataka tutie. Usiinamishe uso, baba, sikugombezi. Umehangaika na dawa zangu mpaka viatu vyako vimeanza kucheka, na mimi huwa naviona hapo mlangoni na roho inaniuma. Lakini usitie sahihi. Daktari wa tatu, yule tuliyemchagua pamoja na kampuni baada ya wa kwao na wa kwetu kupingana, hakuishia kwenye salamu. Alinivua shati, akanisikiliza kifua mpaka nikaona baridi, akasema moyo huu haufai tena kazi ya meli. Wakili wetu naye amenihakikishia kesi haizikwi pamoja na mimi. Subirini uamuzi. Kuna vijana wanatia mafuta mitambo ile ile leo, nao wamelelewa kama mimi, nao wataulizwa hujambo.

Na Mzee Sufuria mkamwombe radhi. Siku ile alipokuja hapa ulimrudisha mlangoni, kifungua mimba, ukidhani amekuja kukopa, kumbe alikuja kusema yuko tayari kutoa ushahidi. Nenda mwenyewe, usipige simu, na akikupa chai unywe yote, hata ikiwa mbaya, maana itakuwa mbaya. Yule daktari wa kampuni aliyeumwa jino msimchukie. Alisema uongo wa adabu kama mimi, ila wa kwake haukuandikwa popote.

Nipe maji... basi, yanatosha.

Nilikuwa baharini mlipokuwa mnakua. Kila nikirudi nakuta mmerefuka, nabaki nawashangaa kama mgeni, nashindwa kusema nililotaka kusema. Nawapenda. Nimewapenda muda wote huo, hata mlipokuwa mnaniogopa. Radhi zangu zote nimewapa, Mungu awafungulie kila mlango mtakaougonga, na msigombane... msigombane mbele ya mama yenu.

Hizo ni ndala zake ukumbini. Ataingia, ataweka mfuko chini, ataniuliza hujambo, kama kila siku. Nami nitamjibu sijambo.

Msimsahihishe. Wala hilo... wakili wa kampuni asilisikie. Hilo ni la mama yenu.